Mtungi wa R-134a usio na R-134a: kisa cha Kampemba

Kwa macho, mtungi huu haukuwa na kasoro. Sanduku la karatasi ngumu, rangi ya buluu ya mbingu ambayo mafundi wameizoea kwa R-134a, gazi ya kupozea frigo, maandishi ya kilo 13.6, namba 3159 ya Umoja wa Mataifa, na ile alama ya pembenne ya kijani inayosema gazi iliyomo haiwaki. Mama mmoja anayeuza samaki wa barafu katika komini ya Kampemba, Lubumbashi, aliununua kwa karibu nusu ya bei anayotozwa mjini, akamkabidhi fundi wake wa frigo. Fundi akajaza kongelateri (friza) la kwanza kati ya manne. Kompresa ikachemka kiasi cha kutoshikika kwa mkono, ikawa inajizima na kujiwasha, na samaki wakaanza kutoa maji.

Mimi ni deklara. Ninapitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mambo ya ndani ya frigo nayajua kwa kusikia. Mama aliniita kwa swali la sheria: nani alipe? Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, kuangalia fakture (hati ya mauzo) na kuandika barua. Fundi ndiye aliyenizuia. Huyu ni mzee aliyejifunza kazi zamani kwenye karakana za kampuni ya migodi, na alipousikia ule ukelele wa kompresa alisema hataki mtu yeyote aguse bomba mpaka ajue ndani mna nini. Muuzaji, kwa simu, alikuwa na jibu fupi: "Mama, gazi ni gazi. Shida ni kompresa yako imechoka."

Basi maswali yakawa mawili, ndani mna nini na nani alipe, na la kwanza halikuwa langu.

Manometa haikutosha

Fundi aliuacha mtungi usiku kucha kivulini ili upate joto moja na hewa, akaupima alfajiri kabla jua halijapanda. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 20. Kwa joto hilo R-134a safi inasukuma bar 4.7 kwenye manometa, yaani kipima presha; R-22, gazi nyingine ya kupozea, inasukuma bar 8.1. Sindano ilisimama karibu na 5. (Jedwali zimetungwa kwa usawa wa bahari; Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo manometa yetu husoma juu kidogo. Ni tofauti ndogo, hata hivyo, na manometa za bei rahisi haziioni.) Mtu mwenye haraka angesema: presha ni ya R-134a, kesi imekwisha, tafuteni kompresa nyingine.

Mzee alitikisa kichwa. R-12, ile gazi ya zamani iliyoondolewa sokoni, kwa nyuzi 20 ina presha inayolingana na ya R-134a karibu sawasawa. Ndiyo sababu moja R-134a ilichaguliwa kurithi nafasi yake. Na mtu akichanganya gazi yenye presha ya chini na nyingine yenye presha ya juu, anaweza kuiweka sindano popote anapotaka. Presha inaweza kukuambia kwamba kitu si R-134a. Haiwezi kukuthibitishia kwamba ndicho.

Akaomba mizani ya samaki. Mtungi mtupu wa aina hii, ule wa kutumia mara moja na kutupa, una kilo kama 3, ukijumlisha 13.6 unatarajia zaidi ya 16. Fundi alikuwa ametoa gramu mia mbili tu kwa kongelateri lile. Mizani ilisoma 14 na kitu. Tukaangaliana. Mama akasema wamempunja, na ni kweli, lakini mzee alikuwa anafikiria jambo lingine: alipoutikisa mtungi, ulisikika umejaa. Kimiminika chepesi kinaweza kujaza mtungi na kisifikishe uzito ulioandikwa.

Kisha akatoa chombo ambacho sikuwahi kukiona. Taa ndogo ya gazi ya kupikia, yenye bamba la shaba juu ya ulimi wa moto na mpira mwembamba wa kunyonya hewa. Zamani, kabla ya vipimaji vya umeme, mafundi walitafuta uvujaji kwa taa hiyo. Hewa inayonyonywa ikiwa na gazi yenye klorini, klorini hukutana na shaba iliyo moto, na ulimi wa moto hugeuka kijani. R-134a haina klorini hata chembe. Ina florini, na florini haiupi moto rangi hiyo. Kwa hiyo gazi safi ya R-134a ingeuacha moto ulivyo. Kwamba katika mji uliojengwa juu ya shaba kipande cha shaba ndicho kilichofanya kazi ya maabara, hilo lilinifurahisha kuliko hali ilivyoruhusu.

Walifanya uwanjani, upepo ukipiga mgongoni, kwa pumzi moja tu ya gazi. Moto wa aina hii ukila gazi zenye klorini unaweza kutoa fosjini, nayo ni sumu ya vita; chumbani hakufanywi mchezo huo. Tena kama ndani mna kitu kinachowaka, hatari ni maradufu. Sisemi kila mtu ajaribu nyumbani. Nasema alilolifanya mtu aliyeshika taa hiyo tangu ujana wake.

Moto ulikuwa wa buluu. Ukawa kijani.

Hapa ndipo nilipompenda mzee. Hakushangilia. Alisema mipira yake ya manometa ilitumika juzi kwenye klimatizeri (kiyoyozi) yenye R-22, na R-22 ina klorini. Huenda kijani kile ni mabaki ya mpirani. Akamtuma kijana wake kununua mpira mpya, akatoa mtungi mwingine wa R-134a uliobaki na nusu, ambao ameutumia mwaka mzima bila lalamiko, akaupima kwanza. Buluu. Akafunga mpira uleule kwenye mtungi wa mama. Kijani, tena kijani ya majani mabichi. Sasa likawa jambo la kusimamia mbele ya mtu yeyote.

Kilichokuwa ndani, kwa kadiri ya akili

Yaliyobaki ni kuchuja. R-22 peke yake haiwezekani, presha yake ingekuwa mbali juu. R-12 peke yake inalingana na presha na inalingana na kijani, lakini hailingani na mizani, kwa kuwa kimiminika chake ni kizito kuliko cha R-134a. Tena R-12 hailingani na biashara: uzalishaji wake kwa matumizi ya kawaida ulikoma duniani tangu 1 Januari 2010, tarehe ya mwisho ya nchi zinazoendelea, na leo ukiipata popote ni ghali. Mtu anayeghushi hatii kitu ghali kwenye mtungi wa bei rahisi.

Kinacholingana na vyote vitatu (presha, kijani, wepesi) ni mchanganyiko wenye R-40 ndani yake, yaani kloridi ya methili. Presha yake kwa nyuzi 20 ni bar 3.9 tu kwenye manometa. Ukiipiga kidogo na R-22, sindano inapanda hadi pale pale panapotakiwa. Kimiminika chake ni chepesi kuliko maji. Viwandani ni malighafi ya kawaida na bei yake ni ndogo. Mashine ya kutambua gazi, ile inayotaja asilimia za kila kilichomo, hatukuwa nayo, kwa hiyo katika barua niliandika "gazi yenye klorini, si R-134a" na neno R-40 nikaliweka kama shaka yenye msingi. Deklara anayeandika zaidi ya alichonacho mkononi hujichimbia shimo.

Ila shaka hiyo ilitosha kubadilisha kila kitu uwanjani. R-40 inawaka. Ni sumu ya mishipa ya fahamu: anayeivuta hulewa, kichwa kinamuuma, na harufu yake tamu kidogo haimshtui mtu. Baya kuliko hayo, ikikaa na aluminiamu huzaa kitu kinachoitwa trimethili aluminiamu, na kitu hicho kikigusana tu na hewa kinawaka chenyewe bila kiberiti. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gazi ya kughushi yalilipuka huko Vietnam na Brazil, wafanyakazi 3 wakafa. Hawakufa kwa uzembe. Walikuwa wanafanya kazi ya kila siku kwenye mashine iliyojazwa mahali pengine, na mtu mwingine, kwa mtungi wenye jina sahihi.

Kongelateri nyingi za bei nafuu zina mabomba ya aluminiamu. Ndiyo maana mzee alikataza kufungua.

Kuna kejeli kubwa katika historia ya gazi hii, nayo inaeleza kwa nini imerudi. Miaka ya 1920 R-40 ilikuwa ndani ya frigo za majumbani Marekani, na watu kadhaa walikufa Chicago mwaka 1928 na 1929 kwa uvujaji. Vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyowasukuma watengenezaji kutafuta gazi isiyoua wala kuwaka; Thomas Midgley na wenzake wakaja na R-12 na ndugu zake. Zikatawala miaka hamsini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba klorini ya gazi hizo hupanda hadi kwenye tabaka la ozoni na kulila; 1985 tundu la juu ya Antaktika likatangazwa; 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuzibana gazi zinazoila ozoni, ikatiwa saini. R-12 ikafukuzwa, R-134a ikaingia. Halafu R-134a nayo, ingawa haigusi ozoni, ikaonekana inapasha dunia joto mara 1,430 ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule, na Oktoba 2016, pale Kigali, nchi zikakubaliana kuipunguza pia: nchi nyingi zinazoendelea kusimama walipo 2024, kushuka asilimia 10 ifikapo 2029, na kuendelea hadi 80 ifikapo 2045.

Kila gazi inapobanwa, bei yake hupanda. Bei inapopanda, mjanja huchungulia. Na aliyechungulia safari hii ameirudisha gazi ileile ambayo safari nzima ilianzishwa ili kuikimbia, akaivika shati la buluu. Sisemi hivyo kuilaumu Itifaki. Ni mojawapo ya mikataba michache ya mazingira iliyotimiza ilichoahidi. Nasema walioiandika waliangalia kiwanda na meli. Hawakuiona Kampemba.

Karatasi

Sasa kazi yangu. Mama alikuwa na fakture ya mkono: "Gaz frigo, butei 1" (butei ni mtungi), tarehe, jumla kwa dola, sahihi. Hakuna namba ya mfululizo, hakuna jina la gazi. Muuzaji, baada ya kubembelezwa na baadaye kutishwa kwa adabu, alionyesha karatasi yake mwenyewe: alinunua mitungi mitano kwa mtu anayeleta mizigo mchanganyiko kutoka upande wa Zambia. Nyuma ya hapo, giza. Hakukuwa na nakala ya deklarasioni ya forodha wala cheti cha udhibiti wa ubora. Inawezekana mitungi mitano ilipita Kasumbalesa chini ya magunia, inawezekana ilipita na karatasi halali kabisa. Watu hudhani swali hilo ndilo kubwa. Kwa kisa hiki, si kubwa sana, nami nieleze kwa nini.

Tuchukulie ilipita kihalali. Mletaji anaandika R-134a kwenye kifungu 2903.45 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha ya mwaka 2022, ambayo kwa mara ya kwanza iliitenga gazi hiyo na wenzake. (Kabla ya hapo gazi nyingi za familia hii zilikaa kwenye kapu moja na forodha haikuweza hata kuzihesabu, sisi tuliokuwa tunajaza fomu tunakumbuka.) Ofisa analinganisha karatasi na sanduku. Karatasi inasema R-134a, sanduku linasema R-134a, namba ni 3159, rangi ni buluu. Anagonga muhuri, na hajafanya kosa lolote. Mfumo wa leseni ambao Itifaki inadai kila nchi iwe nao unasimama juu ya jina. Unauliza: umeomba ruhusa ya kuleta kitu chenye jina hili? Hauulizi: jina hili ni la kweli?

Lakini kuna tundu la pili, na hili linaniudhi zaidi. Tuseme ofisa ana mashine ya kutambua gazi na inamwambia ndani mna R-40. Aende kwenye orodha ya Itifaki ya Montreal, hataikuta. Kloridi ya methili ina klorini, na inagusa ozoni kidogo, kiasi cha sehemu 2 kwa 100 ya R-12, ila bahari na misitu huitoa kwa wingi tangu zamani na nchi hazikuiingiza kwenye orodha ya gazi zinazodhibitiwa. Makubaliano ya Kigali yanahusu familia nyingine, ile ya R-134a. Aende kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ule wa kemikali hatari ambazo nchi inayouza lazima iulize kwanza nchi inayopokea: haimo. Ofisa wa ozoni anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba hilo si la kwake. R-22 iliyochanganywa humo, ndiyo, hiyo ni yake. Nchi zetu zilitakiwa ziwe zimepunguza gazi za jamii hiyo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025 na kuziacha 2030, isipokuwa mabaki kidogo ya matengenezo. Lakini sehemu inayoua haina mwenyewe.

Kwa hiyo nilimshauri mama asishike njia ya ozoni kabisa. Nilijua ingemvutia, kwa sababu ni neno kubwa na lina wizara nyuma yake. Mshiko wenye nguvu ni ule wa kizamani: kitu kimeuzwa kwa jina lisilo lake. Kama kilivuka mpaka kwa jina hilo, Kanuni ya Forodha yetu, ile ordonansi-sheria namba 10/002 ya 20 Agosti 2010, inaadhibu deklarasioni ya uongo bila kujali ndani mna gazi, sukari au mawe. R-40 ni kifungu 2903.11, namba yake ya usafirishaji ni 1063, na alama yake ni nyekundu, ya gazi inayowaka. Aliyeibandika kijani na 3159 amedanganya mara tatu kwenye sanduku moja. Kama haikutangazwa kabisa, ni magendo, na hapo pia hatuhitaji kumfafanulia hakimu tabaka la ozoni.

Muuzaji alipolielewa hili sauti ilishuka. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba mnyororo wa karatasi unaishia kwake: asipomtaja aliyemuuzia, jina la uongo linabaki mikononi mwake peke yake. Akaomba siku chache.

"Unirudishie butei yangu"

Aliporudi alikuja na suluhisho ambalo kila mtu sokoni angeliona la haki. "Mama, unirudishie butei yangu, nitakupa ingine ya muzuri, na kompresa tutasaidiana." Mama alikubali hapohapo. Hela zake zinarudi, kongelateri tatu zinapata gazi, ugomvi unakwisha. Mtu wa biashara ataka nini tena?

Mimi nilikataa, na mama akanikasirikia kwa muda. Mtungi ukirudi dukani utauzwa tena. Muuzaji si mtu mbaya. Ana mtaji uliofungwa mle ndani na mteja wa kesho hamjui. Atampelekea fundi asiye na taa ya shaba wala mashaka, na safari hii gazi itaingia mahali penye watu. Kurudisha mali mbovu ni haki kwa kiatu kilichobanduka. Kwa gazi kama hii, kuirudisha ni kuisafirisha.

Njia nyingine iliyopendekezwa na kijana wa fundi ilikuwa kufungua koki nyuma ya nyumba usiku. Ndivyo gazi nyingi mbovu zinavyoishia mji huu, tusidanganyane. Hata kama ingekuwa R-134a halisi, kilo 13.6 zikiachwa hewani ni sawa na tani zaidi ya 19 za kaboni dioksidi. Hii yetu ni sumu inayowaka, nzito kuliko hewa, nyuma ya nyumba kuna mabanda ya majirani na majiko ya makaa. Kuinyonya kwa mashine ya kawaida ya kurejesha gazi nako mzee alikataa: unaihamishia hatari kwenye mashine yako na kwenye mtungi unaotumia kwa wateja wengine.

Kuharibu? Matanuri ya saruji ni miongoni mwa teknolojia ambazo nchi wanachama wa Itifaki wamezikubali kwa kuharibu gazi za ozoni. Lakini tanuri hukubalika baada ya vipimo vyake, na hakuna anayeliwasha kwa ajili ya mtungi mmoja wa samaki.

Tulichofanya ni kazi duni isiyo na sifa. Mtungi ulipigwa maandishi ya rangi nyekundu, SI R-134a, HATARI, pande mbili, kwa herufi ambazo sabuni haziondoi. Ukafungwa mnyororo, wima, kwenye kibanda cha mabati chenye upepo na kivuli, mbali na jiko, mahali pasipofika nyuzi 50. Kongelateri lililojazwa likatolewa nje bila kufunguliwa, waya ukakatwa ili mtu asije akalichomeka, na nalo likaandikwa. Mama alilipoteza, kompresa huenda ilikuwa bado nzima, lakini ukweli huo hakuna wa kuuthibitisha bila kufungua. Kisha nikaandika hati ya kurasa mbili: picha za sanduku, namba iliyogongwa kwenye chuma, uzito, presha na joto la wakati ule, matokeo ya moto kwa mitungi yote miwili, majina ya waliokuwepo. Nakala kwa muuzaji, nakala kwa ofisi ya mazingira ya mkoa, nakala kwa forodha. Ofisi zilipokea na kugonga muhuri. Kile kipimo cha mtungi wa pili, ule mzuri, ndicho kilichoulizwa kwanza na kila aliyesoma. Bila hicho karatasi yangu ingekuwa hadithi ya mzee na taa yake.

Kuhusu hela, muuzaji alirudisha bei ya mtungi na akachangia sehemu ya kongelateri. Hakuchangia kwa kuogopa ozoni. Alichangia kwa sababu hati ilisema "deklarasioni ya uongo" na jina lake lilikuwa la mwisho kwenye mnyororo.

Mama sasa hanunui gazi kabla ya mtungi kupanda mizani yake, na fakture lazima iwe na jina la gazi na namba iliyo kwenye chuma. Kongelateri jipya alilochukua linatumia R-600a, isobutani, ambayo haigusi ozoni na haipashi dunia joto kwa kiasi cha kutajwa. Inawaka, lakini inasema hivyo kwenye kibandiko, na fundi anayejua anaifungua akijua. Taa ya shaba haisogei karibu yake. Mzee mwenyewe anaichukia gazi hiyo. Anasema amezeeka sana kuanza kuogopa kiberiti. Kijana wake ndiye anayejifunza.

Muuzaji alirudi mara ya mwisho na mitungi iliyobaki kwenye ule mzigo wa mitano, akiomba ipimwe kabla hajaipeleka popote. Ilikuwa mitatu. Mmoja uliuacha moto buluu, miwili ikaugeuza kijani. Hiyo miwili imeandikwa kwa rangi nyekundu na kufungwa kibandani pamoja na wa mama. Wa tano alikuwa ameshauuza kwa fundi wa Likasi, taslimu, bila jina. Namba ya sanduku tunayo, kwa kuwa mitano yote ilikuwa na namba moja, na mafundi tunaowajua huko wameshapigiwa simu. Mpaka ninapoandika hakuna aliyesema ni wake.